Kiti cha Mbele

Kiti kilikuwa kimebonyea.

Si sana. Mtu mwingine angekipita asione kitu. Lakini Sindano alikishona kiti kile kwa mikono yake siku tisa tu zilizopita: springi mpya, sponji ngumu ya kukaliwa miaka kumi, ngozi nyeupe aliyoivuta mpaka ikawa inalia kama ngoma ukiigonga kwa ukucha. Na kazi ya viti ilikuwa imemfundisha kwamba kiti husema. Akikitazama kiti cha gari, angekwambia anayekikalia ni mnene au mwembamba, anaegemea upande gani, anakunja mguu au anaunyoosha. Kile cha mbele, kando ya dereva, kilikuwa kinasema waziwazi kwamba hapa anakaa mwanamke. Nyonga zake zilikuwa zimeacha alama mbili za mviringo, na uzito wote ulielemea upande wa usukani, kama mtu asiyependa kuwa mbali na dereva.

Na dereva wa gari hilo alikuwa mchumba wake.

"Kapteni," aliita bila kugeuka. "Huku mbele unampakia nani?"

Kapteni alikuwa ameinama anasugua taa. Jina hilo alilipata kwa ajili ya kofia nyeupe aliyoivaa akiendesha maharusi, na kwa ule utulivu wake wa kuendesha kana kwamba amebeba mayai.

"Mbele? Hapakai mtu. Maharusi wanakaa nyuma, wewe si unajua."

"Najua. Ndiyo maana nauliza."

Kapteni akacheka kidogo, akaendelea kusugua taa ileile ambayo ilikuwa imeshang'aa. Sindano akaupitisha mkono juu ya ngozi. Jua la saa sita lilikuwa linachoma mabati ya gereji mpaka yanaalika, na viti vyote vya gari lile vilikuwa vya moto. Cha mbele kilikuwa baridi kama kaburi.

Gari lenyewe lilikuwa la enzi za mababu, refu, jeupe, lenye mabawa ya nyuma na pua ndefu ya chuma kinachong'aa. Lilitoka kiwandani bila kiyoyozi, maana siku hizo ubaridi wa gari ulikuwa kushusha vioo na kukaza mwendo. Mwenye gari alilirithi kwa baba yake na alikuwa akilikodisha kwa harusi, na hapo ndipo shida ilipoanza. Bibi harusi mmoja alishuka mbele ya wageni mia mbili uso wote umemchuruzika, poda shingoni, wanja mashavuni, na picha zikasambaa kabla keki haijakatwa. Wiki hiyohiyo mwenye gari akamwita Barafu, kijana aliyeweza kutia ubaridi hata kwenye kabati la nguo, na akamwita Sindano afungue viti na vitambaa vya ndani ili mabomba yapite.

Kazi ilichukua wiki mbili. Barafu alitoa ile dainamo ya zamani akafunga alteneta, akachonga bano la chuma la kushikilia kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya ubaridi, akapanga kondensa mbele ya rejeta, akatoboa bati linalotenganisha injini na miguu ya abiria. Kila drili ilipozama, Kapteni alikunja uso kama anayechomwa sindano yeye. Chini ya dashibodi wakaning'iniza kisanduku cheusi chenye matundu matatu ya kupulizia hewa.

Kikabaki kitu kimoja. Dirisha la mbele, upande wa abiria, halikuwa na kioo. Halikuwahi kuwa nacho tangu Kapteni aanze kuliendesha, miaka kumi na miwili sasa, na kila mtu alidhani kilivunjika zamani. Barafu alipofungua mlango akakuta reli ya kioo imezibwa kwa ubao, ubao umepigiliwa misumari saba, kwa ustadi.

"Hiki hakikuvunjika," alisema. "Mtu alikitoa kwa makusudi."

"Kwa nini?" Sindano aliuliza.

"Sijui, dada. Ninachojua mimi, baridi haitaki tundu. Nikiliacha hivi nitakuwa naupoza mji mzima."

Akang'oa misumari, akatia kioo kipya. Hakuna aliyeliwaza tena.

Sasa, ni lazima isemwe kwamba Sindano alikuwa na wivu, na alikuwa na sababu. Mume wake wa kwanza alimwacha kwa mwanamke aliyekuwa akija dukani kuchagua vitambaa vya makochi. Sindano mwenyewe ndiye aliyewapimia kochi walilokuja kulikalia wawili hao. Miaka saba alikaa peke yake, akaapa hatadanganywa tena. Kisha akatokea Kapteni, mwanamume wa makamo, mpole, aliyesubiri mwaka mzima ndipo akamwambia neno. Harusi yao ilikuwa imebaki wiki tano. Kwa hiyo alipokiona kiti kile, moyo haukumwambia jini. Ulimwambia mwanamke.

Akaanza kuchunguza. Kila gari lilipoletwa kusafishwa, alifungua mlango wa mbele kwanza. Siku ya tatu akakuta harufu, tamu, ya maua yaliyokaa ndani ya maji siku nyingi. Siku ya tano akakuta unywele mmoja kwenye mshono wa kiti, mrefu kuliko mkono wake, umelowa. Aliukunja kwenye karatasi akauficha kifuani, na alipoufungua jioni apate kumwonyesha dada yake, karatasi ilikuwa imeloa na ndani hamna kitu.

"Huyo mwanamke anaogelea?" dada yake aliuliza, akacheka. Sindano hakucheka.

Siku ya nane aliwafumania.

Alikuwa ametoka kununua uzi. Ilikuwa mchana, barabara nyeupe kwa jua, na gari lilikuwa limeegeshwa nje ya duka lake, injini inaunguruma, vioo vyote vimepandishwa. Kapteni alikuwa ndani. Alikuwa anaongea. Alikuwa amekigeukia kiti cha pembeni yake na mkono mmoja amelaza juu ya mgongo wa kiti hicho, na alikuwa anacheka kicheko ambacho Sindano, katika miezi kumi na minne ya uchumba, hakuwahi kukisikia, kicheko cha kijana, cha mtu asiyeogopa kuonekana meno mabovu. Sindano akanyata upande wa abiria. Kitini hapakuwa na mtu. Lakini kwenye kioo, usawa wa uso, palikuwa na ukungu wa duara kama pumzi ya mtu aliyekaribiana sana na dirisha, na ukungu ule ulikuwa unapanuka, unapungua, unapanuka, unapungua. Akaufuta kwa ncha ya kitambaa chake. Haukufutika. Ulikuwa upande wa ndani.

Kapteni akamwona. Kicheko kikakatika ghafla, na mkono ukaondoka kwenye kiti upesi upesi, kama mkono wa mwizi.

"Ulikuwa unaongea na nani?" Sindano aliuliza alipofungua mlango. Baridi iliyotoka ilimpiga magotini.

"Na simu."

"Simu yako uliiacha mezani kwangu asubuhi, Kapteni. Ninayo mfukoni."

Kapteni alitazama usukani. "Basi nilikuwa naongea peke yangu. Mtu akikaa na gari miaka mingi huwa anaongea nalo."

"Na gari linakuchekesha?"

Kapteni akazima injini. Akashuka, akaingia dukani, akanywa maji. Sindano akabaki amesimama barabarani na nyuzi zake, na kilichomuuma zaidi haikuwa ule ukungu. Kilichomuuma ni kile kicheko.

Jumamosi iliyofuata palikuwa na harusi. Bibi harusi alipanda nyuma akiwa mzima, mnene wa afya, anapepewa na wifi zake. Mwendo ulikuwa wa dakika ishirini. Walipomfungulia mlango alikuwa amejikunyata kwenye kona, midomo ya bluu, meno yanagongana, shada la maua limekauka mapajani kama limepigwa barafu. Sindano alikuwepo, maana aliitwa kuja kurekebisha pindo la kitambaa cha viti vya maharusi ukumbini. Alimfunika msichana kwa shela yake, akainama kumsikiliza.

"Yule dada aliyekaa mbele," bibi harusi alinong'ona. "Kwa nini hakugeuka kunitazama kwa kawaida?"

"Dada gani, mwanangu?"

"Alinitazama njia nzima. Mabega yake yalikuwa yanatazama mbele. Uso ulikuwa unanitazama mimi."

Mwenye gari aliposikia, alisikia neno moja tu, baridi. Akamwagiza Barafu apunguze nguvu. Jumatatu Barafu akaja dukani kwa Sindano asubuhi na mapema, kofia mkononi, macho mekundu.

"Dada Sindano, nikwambie kitu na usiniite mlevi."

"Sema, mdogo wangu."

"Jana niliifungua gesi yote, nikaimwaga. Nimeutoa hata mkanda wa kompresa, huu hapa." Akautoa mfukoni, akauweka juu ya meza. "Mfumo ni mtupu, kama sufuria. Na nimemwacha kaka Kapteni nje sasa hivi, amekaa ndani ya gari, na bado linapuliza baridi."

Sindano aliutazama mkanda ule wa mpira. Alikuwa mtu wa kazi za mikono, na alijua kwamba kitu bila mkanda hakizunguki. Kwa mara ya kwanza wivu ulimpisha woga ukae. Lakini haukuondoka, ulisogea tu. Akatoka nje, akamwambia Kapteni, "Shuka nikague mshono," na Kapteni aliposhuka, yeye akafungua mlango wa abiria, akaingia, akaketi kwenye kile kiti cha mbele na kuufunga mlango nyuma yake, kwa sababu alitaka kujua, kama mwanamke yeyote aliyewahi kuibiwa angetaka kujua, ni mahali gani hasa pamechukuliwa.

Kiti kilikuwa na mtu.

Hakumwona, lakini alimkalia. Alihisi magoti chini ya mapaja yake, magumu, yenye maji, na kifua kikamgusa mgongoni na hakikuwa kinapumua, na yale matundu matatu ya hewa chini ya dashibodi yakaanza kupuliza harufu ya maua yaliyooza, polepole kwanza, halafu kwa nguvu, mpaka nywele zake zikarudi nyuma na machozi yakamganda kopeni, na alipotaka kufungua mlango mkono wake wa kulia ulikuwa tayari umeshikwa, si kwa nguvu, umeshikwa kama mtu anavyoushika mkono wa mtoto anayetaka kugusa kisichokuwa chake, na kando ya sikio, karibu sana kiasi kwamba sauti haikuhitaji kupita hewani, mtu akamwambia neno moja, kwa upole:

"Sogea."

Barafu ndiye aliyemvuta nje. Alipomlaza barazani, jua la asubuhi lilimwangukia mwili mzima akapata joto, isipokuwa mkono wa kulia. Vidole vilikuwa vyeupe, vimekaza. Akaomba sindano. Wakampa. Ikaanguka. Wakampa tena, ikaanguka tena. Hapo ndipo alipolia, kwa sababu mkono ule ndio uliomlisha tangu akiwa na miaka kumi na sita.

Kapteni alikuwa amepiga magoti mbele yake. Hakuuliza "Umepatwa na nini?" Hilo Sindano aliliona. Hakuuliza.

Mchana huo Barafu alimpeleka Sindano kwa mama wa mwenye gari, mjane wa yule aliyelirithisha gari hilo. Bi Mkubwa alikuwa ajuza mkavu, aliyenyooka, anayekaa kwenye baraza ya nyuma akichambua mchele. Hakuwa ametoka nyumbani tangu mwaka uliopita, na habari za kiyoyozi hakuwa amezisikia. Barafu alipofika kwenye neno "kioo", mikono yake ikasimama ndani ya ungo.

"Mmelifunga lile dirisha?"

"Ndiyo, bibi."

"Lete mkono wako, mwanangu." Akaushika mkono wa Sindano, akaupapasa kidole kwa kidole. "Ee. Ni yeye. Ana mkono mwepesi mke mwenzangu."

Sindano alidhani hakusikia vizuri.

"Mume wangu alimpakia njiani," Bi Mkubwa alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesimulia ugomvi wa zamani uliokwisha poa. "Saa saba za mchana, kwenye daraja, mwanamke amesimama juani nguo zimelowa. Akamwonea huruma, akamfungulia mlango wa mbele. Alipofika mjini akageuka, hamna mtu, na mlango haukufunguliwa. Tangu siku hiyo akawa hataki kushuka garini. Chakula anakula garini. Mimi nikipanda, naumwa. Nikamwita mganga. Mganga akasema, huyu jini hatoki kwa dawa wala kwa maneno ya mtu mwingine. Anayependwa ndiye amfukuze kwa kinywa chake, yeye mwenyewe, kwa hiari yake."

"Akamfukuza?"

Bi Mkubwa akacheka bila furaha. "Alikaa humo ndani toka asubuhi mpaka adhuhuri. Nikamsubiri hapahapa nilipokaa. Akatoka akaniambia, 'Mke wangu, nimeshindwa.' Basi mganga akang'oa kioo. Akasema, pakiwa wazi upepo utakuwa unampeperusha kila gari likitembea, hatapata nguvu ya kumshika mtu. Tukaishi hivyo. Yeye barabarani, mimi nyumbani. Miaka ishirini na tisa nimegawana mume na upepo, mwanangu, na mpaka anakufa sikuacha kumwonea wivu. Hata leo."

"Mimi sigawani," Sindano alisema.

Ajuza akausukuma ungo pembeni. "Basi mwambie mtu wako aseme. Aingie ndani, vioo vifungwe, ili na yule jini aingie mzima. Amwambie 'Nenda.' Akishasema, wewe vunja kile kioo papo hapo, apate pa kutokea. Lakini ujue, ukimlazimisha haitafaa."

Waliporudi, Kapteni alikuwa amekaa peke yake dukani kwa Sindano, kofia yake magotini. Barafu akabaki nje. Walizungumza kwa sauti za chini, kama watu wenye mgonjwa chumba cha pili, maana gari lilikuwa palepale mlangoni.

"Tangu lini unajua?" Sindano aliuliza.

"Zamani nilikuwa nahisi tu. Kama mtu amekaa, halafu hayupo. Tangu kioo kitiwe..." Akaigeuza kofia.

"Unamwona?"

"Namwona."

"Mzuri?"

"Sindano."

"Nimekuuliza."

"Mzuri," alisema Kapteni, na kwa sababu hakuwa mwongo wa kuzaliwa, masikio yalimwiva.

Sindano alikaza meno. "Ana nini ambacho mimi sina?"

Kapteni alifikiri kwa muda mrefu, na hilo lilimuuma kuliko jibu lenyewe. "Wewe ukiniona unaniuliza nimetoka wapi," alisema. "Yeye haniulizi. Tulikuwa wote."

Sindano akaunyoosha mkono wake wa kulia juu ya meza ya kukatia, katikati ya mikasi na chaki, akauacha ulale kama kitu kilichosahauliwa na mteja.

"Mwangalie anachofanya mtu wako," alisema. "Mimi sikumfanyia kitu. Nilishona kiti tu. Nilimshonea yeye, hata sikujua."

Kapteni aliutazama mkono ule. Akauchukua kwa mikono yake miwili, akaupuliza, kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Haukupata joto. Alipoinua uso macho yalikuwa yamelowa.

"Nitasema," alisema.

Walifanya siku ya pili yake saa nne asubuhi, kwenye uwanja wa gereji, jua likiwa juu na mageti yamefungwa. Kapteni aliingia akakaa kwenye usukani, akapandisha vioo kimoja kimoja. Barafu alisimama upande wa dereva. Sindano alisimama upande wa abiria, na nyundo yake ya kupigilia vitambaa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia haukushika kitu. Kapteni aliwasha injini, akabonyeza kitufe cha kiyoyozi ambacho hakikuwa na gesi wala mkanda.

Kiliwaka.

Dakika ya kwanza hapakuwa na kitu. Dakika ya pili kiti cha mbele kikabonyea, taratibu, mbele ya macho ya Sindano, kwanza nyonga, halafu mgongo, halafu uzito ukaelemea upande wa usukani, na vioo vyote vikaanza kupata ukungu kutoka chini kwenda juu kama maji yanayojaa ndani ya gari, ukamfika Kapteni kifuani, shingoni, mpaka ikabaki kofia nyeupe tu, na nyuma ya ukungu ule Sindano aliona kivuli cha pili kikimwinamia, kichwa kwa kichwa, na akasikia, kupitia mabati na ngozi na sponji aliyoikata mwenyewe, sauti ya mwanamke anayebembeleza, haisemi neno, inabembeleza tu, kama mtu anayemlaza mtoto, na ikaendelea, na ikaendelea, na Kapteni hakusema, na barafu ikaanza kutanda kwenye pembe za kioo, na bado hakusema, mpaka Sindano akapiga mlango kwa goti na kupiga kelele, "Mwambie! Kapteni, mwambie!" huku machozi ya hasira yakimtoka, kwa sababu alijua, kwa namna ambayo mke hujua, kwamba mle ndani mtu hakuwa ameshindwa kusema, alikuwa anaaga.

Kisha midomo ya Kapteni ikatembea. Neno moja, fupi.

Sindano akapiga nyundo.

Kioo kilimwagika chote kama mchele. Injini ikazimika yenyewe. Kimya kikatanda gereji nzima, na ukungu ukayeyuka juu ya vioo vilivyobaki, na ndani alikuwepo Kapteni peke yake, ameinamisha paji la uso kwenye usukani, mabega yanamtikisika. Akafungua mlango wake, akashuka. Barafu akampisha. Sindano akazunguka gari mbiombio na kumkumbatia, na alipomshika shingoni ndipo alipotambua kwamba anamshika kwa mikono yote miwili, na kwamba mkono wa kulia unauma, unauma vizuri, kama mguu uliokufa ganzi unaporudiwa na damu.

Gari lilipona. Mwenye gari alitia kioo kingine, Barafu akajaza gesi upya, na maharusi wakaendelea kupanda na kushuka na poda zao nyusoni. Kiti cha mbele Sindano alikishona tena, na mwezi mzima hakikubonyea. Kapteni aliacha kuliendesha, akapata kazi ya kupeleka mizigo. Walioana siku ileile waliyopanga, wakaenda kwa miguu mpaka ukumbini, na watu wakasema hawajawahi kuona bibi harusi wa miaka arobaini na moja anayetembea kwa maringo namna ile.

Alikuwa mume mwema. Alirudi nyumbani mapema, alikula alichopikiwa, hakuwa na siri kwenye simu. Sindano alilala usingizi wa watu waliotulia, na hata wivu wake akaanza kuusimulia kama kichekesho.

Ilikuwa mwezi wa tano wa ndoa ambapo Barafu alikuja dukani kushonewa kiti cha pikipiki. Wakaongea hili na lile. Sindano akasema kwa kutania kwamba angalau yeye ana mume anayejua kumwambia mwanamke "Nenda."

Barafu akawa anachezea chaki.

"Dada," alisema, "siku ile wewe ulisikia 'Nenda'?"

"Ndiyo. Alisema 'Nenda'."

"Wewe ulikuwa unapiga mlango. Mimi nilikuwa kwenye kioo chake, sikio hapa." Akaonyesha. "Labda nilisikia vibaya."

"Ulisikia nini?"

"Nilisikia 'Twende'."

Mashine ya kushonea ya jirani ilikuwa inakwenda, ikasimama, ikaendelea. Barafu akasema kwa sauti ya chini zaidi, bila kumtazama, "Na wakati wewe unavunja kioo, kilipita kitu kwako? Baridi yoyote?"

Sindano akakumbuka. Hakuna kilichopita. Alikuwa amefikiri kwamba ni kwa sababu kilipita haraka.

"Kaka Kapteni alipofungua mlango wake," Barafu alisema, "kuna kitu kilinigusa begani kikaenda naye. Nimekaa nalo miezi mitano. Nisamehe."

Sindano alifunga duka. Alimkuta mumewe uani, amekaa kwenye kigoda, anamenya machungwa kwenye mwanga wa alasiri. Akasimama mbele yake, hakukaa.

"Mume wangu. Siku ile garini ulisema neno gani?"

Kapteni aliacha kumenya. Hakushtuka wala hakukasirika. Aligeuza shingo kwanza, taratibu, akatazama pembeni yake pale pasipokuwa na mtu, akasubiri kidogo kama mtu anayeomba ruhusa. Kisha akatikisa kichwa kukubali, akamgeukia mkewe na kutabasamu.

"Nilisema ulichosikia," alijibu.